Ngama

Umeme ulikatika saa nane usiku, na kwa dakika nzima nikafurahi. Pampu ilinyamaza, feni ikanyamaza, na Matondoni ikarudi kuwa ile niliyozaliwa: punda mmoja analia upande wa pwani, upepo kwenye makuti, basi. Nikageukia ukutani nikalala tena. Kilichoniamsha mara ya pili ni sauti ya mamangu. Hakupiga ukelele. Alisema tu, kama mtu anayejisemea mwenyewe, "Kuna maji huku."

Nilimkuta amesimama kwenye mlango wa choo cha zamani, tochi ya simu mkononi, maji yamemlowesha nyayo. Birika lilikuwa limejaa hadi mdomoni na lilikuwa bado linatoa machozi pembeni. Nyuma yake, pale ukutani alipokuwa ameiegemeza ili isipigwe na jua, mikeka mitatu ya ukindu ilikuwa imesimama ndani ya maji. Rangi ya zambarau ilikuwa imeanza kuingia kwenye nyeupe.

Ilikuwa mikeka ya harusi ya watu. Mama alikuwa amesuka ukili tangu kabla ya Ramadhani, na alibakisha kushona mmoja tu.

Sikuwa na la kusema. Maji yale yalikuwa yangu. Bomba lililoyaleta nilililaza mimi mwenyewe, na mimi ni fundi wa mabomba.

*

Nieleze nilifikaje hapo.

Miaka kumi na mmoja nilifanya kazi Mombasa. Nilianza na vyoo na matangi ya juu ya nyumba, kisha nikaangukia kazi ambayo sikujua kuwa ipo: kufunga mabomba ya matangi ya samaki. Kuna watu wanaopenda samaki wa kutazama, na wenye hoteli wanaotaka ukuta mzima wa maji kwenye ukumbi. Mimi sikuwa mtu wa samaki. Nilikuwa mtu wa kuhakikisha maji yanapanda, yanashuka, na hayamwagiki kwenye zulia la mtu. Samaki nikawapenda baadaye, kwa kuwatazama nikisubiri gundi ikauke.

Kisha babangu akapata kiharusi.

Babangu alikuwa fundi wa vyombo. Matondoni, ukisema hivyo, hakuna anayeuliza vyombo gani. Kijiji chetu kiko upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu, kimeangalia mikoko, na kazi yake kwa vizazi vingi imekuwa kuunda majahazi na mashua na kuyatengeneza yakichoka. Baba hakuwahi kuwa na karatasi ya ramani. Aliulaza mkuku, akasimamisha mataruma, na umbo lote lililobaki lilikuwa machoni mwake. Alishika tezo kwa mkono wa kulia. Kiharusi kilichukua mkono huo, mguu wa upande huo, na sehemu kubwa ya maneno.

Nilirudi nyumbani kumtunza pamoja na mama. Siku za mwanzo tulimbeba hadi pwani asubuhi, akakaa chini ya kivuli akitazama wenzake wakipiga kalafati. Baada ya wiki moja akakataa. Hakueleza, na hata angetaka kueleza asingeweza, lakini mtu yeyote angeelewa. Kukaa pale na mikono mapajani kulimuumiza kuliko kukaa nyumbani. Basi akakaa nyumbani, kwenye kitanda cha kamba ukumbini, akiangalia ukuta.

Hapo ndipo nilipopata wazo la tangi. Nilikuwa nimeachiwa moja na mteja aliyehama: sentimita 120 urefu, 50 upana, 50 kina. Lita 300 likijaa. Lilisafiri kwa basi hadi Mokowe, likavuka kwa boti, na likapandishwa kutoka pwani na vijana sita waliokuwa wakinicheka njia nzima. Nikaliweka mbele ya kitanda cha baba.

Alilitazama. Kisha akatafuta maneno kwa muda mrefu, na aliyoyapata yalikuwa haya: "Samaki... wa kuliwa."

*

Samaki niliowachagua hawakuwa wa bahari, kwanza kwa sababu samaki wa miamba wa kutazama hawachukuliwi hivi hivi bila leseni, na pili kwa sababu maji ya chumvi ndani ya nyumba ya mawe na chokaa ni kumkaribisha adui sebuleni. Nilichukua mbuna. Ndilo jina walilopewa na wavuvi wa Ziwa Nyasa samaki wadogo wakaao miambani, na wafugaji wa Ulaya na Marekani wanalitumia jina hilo hilo bila kulibadili. Wana rangi kama kanga, manjano na buluu, na wanapenda maji magumu yenye chokaa. Maji ya kisima chetu, yaliyochujika kwenye mawe ya matumbawe, ndiyo hasa wanayoyataka. Kitu kinachoharibu birika za chai za mama kiliwafaa mbuna.

Tatizo lilikuwa kelele. Tangi la samaki bila kusafisha maji ni kaburi. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, na amonia huua. Lazima maji yapite mahali penye bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti, kisha naitreti, ambayo haina ukali sana na unaweza kuipunguza kwa kubadilisha maji. Mwanzo niliweka mashine ya kuchuja pale pale juu ya tangi. Ilinguruma. Baba alikuwa halali. Mama naye alisema neno moja ambalo lilinitosha: "Umemletea mgonjwa jenereta."

Wanaofuga samaki kwa uzito wana dawa ya hilo. Unaweka tangi la pili mahali pengine, chini na mbali: maji yanashuka kwa uzito wake hadi huko, yanachujwa, kisha pampu inayarudisha juu. Ukumbini panabaki kioo na samaki. Machafu yote, kelele zote, joto la mashine, vyote viko nyuma ya nyumba. Fikra hiyo si ngeni. Mwaka 1871 ulipofunguliwa ukumbi wa samaki wa Crystal Palace, London, aliyeupanga, William Alford Lloyd, alichimba chini yake hodhi kubwa la giza lililozidi mara kadhaa maji ya matangi ya kuonyesha. Wageni walilipa kutazama samaki. Maji yenyewe yalikuwa yakipumzika gizani chini ya miguu yao.

Nami nilikuwa na hodhi. Nilikuwa nalo tangu utotoni.

Nyumba za zamani za Lamu zina birika chooni. Ni tangi la mawe lililopigwa lipu ya chokaa. Maji hutiwa kutoka kisimani kwa mfereji mdogo unaopita ukutani, na mtu huchota kwa kata akaoga. Wazee walitia humo visamaki vidogo ili vile viluwiluwi vya mbu, na chini walipachika bakuli la kaure, maji yakipungua samaki wabaki na pa kuishi. Wengi hulichukulia bakuli lile kuwa pambo tu. Birika letu lilikuwa limekauka tangu tulipojenga bafu jipya uani. Choo cha zamani kikawa stoo ya mama ya ukindu na mikeka, na tundu la kutolea maji sakafuni likazibwa kwa saruji ili panya wasiingie.

Nilipima birika: sentimita 100 kwa 60, kina 70. Lita 420. Kutoka tangini hadi pale ni mita 11, kupitia ukuta mmoja na korido. Nikacheka peke yangu. Babu zetu walikuwa wameshanijengea nusu ya kazi, samaki na yote.

*

Ufa wa birika niliuziba kwa chokaa. Hapo ndipo baba aliponipa shauri la kwanza. Alipoona nabeba ndoo ya maji kwenda kujaza siku ya tatu tu, akapiga ubavu wa kitanda kwa mkono wa kushoto. "Chokaa... mbichi," akasema. "Yachoma." Mtu aliyepaka deheni matumbo ya majahazi maisha yake yote, chokaa na mafuta, anajua chokaa inavyokula ngozi. Nikajaza, nikaacha, nikamwaga kwenye migomba, nikajaza tena, wiki baada ya wiki, nikipima kwa matone hadi maji yalipotulia. Angeniachia, samaki wangekufa siku ya kwanza.

Bomba la kushuka niliweka la inchi moja na nusu, na nililipa mwinamo wa sentimita mbili kwa kila mita. Bomba refu la kulala likipata hata tumbo dogo katikati, maji hutuama pale, hewa hunaswa, na kila baada ya dakika chache utasikia mkoromo. Penye kona sikutumia elbo moja ya mraba. Nilitumia mbili za nusu kona, maji yapinde polepole. Bomba la kurudi lilikuwa la inchi moja. Pampu iliandikwa lita 3,000 kwa saa, lakini hizo ni lita za kwenye boksi. Ukishaipandisha mita moja na kuilaza mita 11, nguvu inapotea njiani kwa msuguano. Nilipima kwa ndoo ya lita 20 na saa ya simu: ilijaa kwa sekunde 45. Hiyo ni lita 1,600 kwa saa, maji ya tangi yanapita kwenye birika mara tano kila saa. Ilitosha.

Ndani ya birika nilijaza vipande vya matumbawe nilivyookota kwenye kifusi cha ukuta ulioanguka zamani, bakteria wapate pa kukaa. Wiki sita nikasubiri. Kisha nikatia samaki tisa.

Ukumbi ulikuwa kimya. Maji yaliingia na kutoka, na huoni yanakotoka wala yanakokwenda. Nilijaza birika hadi zikabaki sentimita nane kufika mdomoni, kwa sababu maji mengi ni heri: huchelewa kupata joto na huchelewa kuchafuka. Nilijisifu. Nilimpigia rafiki yangu wa Mombasa nikamwambia nina mfumo wa lita 600 na zaidi katika nyumba ya miaka mia.

Sasa nitafanya hesabu ambayo sikuifanya usiku ule.

Mdomo wa bomba la kurudi niliuzamisha sentimita tisa ndani ya tangi, kwa sababu ukiwa juu maji hupiga kelele yakianguka. Pampu inapofanya kazi, maji hupanda kwa bomba hilo. Pampu inapozimika, bomba hilo hilo linageuka kuwa mrija. Maji yanarudi nyuma, yanashuka yanakotoka, na hayakomi mpaka mdomo wa bomba uone hewa. Kila sentimita moja ya tangi lile ni lita sita. Sentimita tisa ni lita 54. Ongeza lita kumi zilizokuwa njiani ndani ya mabomba. Jumla 64. Nafasi niliyoiacha kwenye birika ilikuwa sentimita nane, na birika nalo, kwa bahati tu, kila sentimita yake ni lita sita. Lita 48.

Lita 16 hazikuwa na pa kwenda. Zilikwenda kwenye mikeka ya mama.

Na hili ndilo lililoniuma zaidi: nilikuwa najua. Mombasa nisingemfanyia mteja yeyote hivyo. Ningezima pampu mbele yake na kusimama na tambara mkononi. Kwetu, kwa watu wangu, nilitosheka kwa kuwa ilifanya kazi.

*

Mama hakunigombeza. Alitandaza mikeka juani, akaitazama rangi ilivyotambaa, akaikunja tena. Wawili alisema ataitumia mwenyewe. Wa tatu alianza kuufumua ukili mmoja mmoja, aokoe usioharibika. Nilipompa pesa akazipokea na kuzitia kwenye kopo bila kuzihesabu. Alichosema ni kwamba harusi ina tarehe, na vidole vyake si kumi na vitano.

Siku ya pili nilikuwa nimeshaamua. Nitakausha birika, nitauza samaki, tangi litakuwa la kuwekea mchele. Niliingia ukumbini na bisibisi. Baba alikuwa amekaa, si kulala. Alinionyesha kwa kidole penseli yangu ya useremala.

Nikampa, na ubao. Alichora kwa mkono wa kushoto, mstari unatetemeka kama wa mtoto wa chekechea: chombo kilichokatwa kwa katikati. Nikaona mkuku. Nikaona mataruma mawili, huku na huku. Kisha pale chini kabisa, juu ya mkuku, akakoroga duara na kuligonga mara mbili kwa ncha.

"Ngama," akasema. Neno lilitoka zima, halina mkwaruzo. Nilikuwa sijamsikia akisema neno zima namna ile kwa miezi. "Ngama yako... i wapi?"

Kwa asiyejua: ngama ni sehemu ya chini ya chombo ambapo maji yanayovuja hukusanyika. Hakuna chombo cha mbao kisichovuja. Mitepe ya zamani, iliyoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja na ikasafiri visiwa hivi hadi mwanzoni mwa karne ya 20, ilivuja kila siku iliyoelea, na mabaharia walifua maji safari nzima. Fundi haundi chombo akidhani hakitaingia maji. Anakiundia mahali maji yatakapolala mpaka mtu aamke ayafue. Mzigo hauwekwi hapo. Nahodha akijaza ngama shehena ili apate faida zaidi, hana chombo tena.

Mimi nilikuwa nimejaza ngama shehena.

"Wajaza... hata mdomoni," baba akasema, na nadhani ilikuwa kicheko.

Tulifanya kazi siku nne. Nasema tulifanya kwa sababu yeye aliuliza na mimi nilijibu kwa mikono. Niliinua mdomo wa bomba la kurudi ukabaki chini ya maji kwa kiasi cha sentimita moja tu, na nikalitoboa tundu dogo karibu na uso wa maji, ili pampu ikizimika hewa iingie mara moja na mrija ukatike. Kwa hesabu yangu, sasa zingeshuka lita zisizofika 30, mabomba yakiwemo. Sentimita tano za birika. Nikasema nitaacha kumi, mara mbili ya kinachohitajika.

Baba akanyanyua mkono wa kushoto, akafungua kidole gumba na kidole cha mwisho. Shibiri moja.

Nikamwambia, baba, shibiri ni sentimita 23, hizo ni lita 138 tunazitupa. Hakushusha mkono. Nikamweleza kwamba tundu lile linatosha. Mkono uko pale pale. Nikamwambia naweza kuagiza valvu ya kuzuia maji yasirudi nyuma, itakuja na basi kesho kutwa. Hapo akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nilipokuwa mdogo nikimletea msumari wa saizi isiyo yake. Kwa kweli hata mimi najua valvu ile. Ni mlango mdogo, na mlango huo ukipata ukoga mwembamba tu au ganda la konokono haufungi. Tundu nalo linaweza kuziba. Nafasi tupu ndiyo haina cha kuziba.

Nikaacha shibiri. Nikaichora mstari wa mkaa ndani ya birika, pande zote nne.

Nilidhani tumemaliza. Siku ya tatu akauliza swali la pili, na nusu yake alilisema kwa kidole, akionyesha tangi, kisha paa, kisha sakafu: "Na yakipanda... yasishuke?"

Nilikaa chini. Alikuwa anauliza kuhusu bomba la kushuka likiziba. Samaki akifa akavutwa pale mdomoni, au jani. Pampu haitajua. Itaendelea kupandisha birika zima ukumbini, kwenye kitanda chake. Ndipo nikatia bomba la pili la kushuka, mdomo wake juu kidogo ya la kwanza, na siku zote ni kavu, halipitishi kitu. Na ndani ya birika nikasimamisha kioo, pampu ikakaa kwenye chumba chake kidogo chenye lita 18 tu za kuvuta. Tangi lina nafasi ya lita 24 kabla ya kumwagika. Mabomba yote mawili yakiziba, pampu itamaliza maji yake na kuanza kuvuta hewa, na kelele hiyo itamwamsha yeyote. Waya wa umeme nao nikaupinda uwe na tumbo chini ya soketi, maji yakiufuata yadondoke hapo yasiingie ndani.

Tundu la sakafuni nililizibua mwenyewe kwa patasi, bila kuambiwa na mtu.

*

Kujaribu alijaribu mama. Lilikuwa sharti lake. Alisema hawezi kurudisha kitu chake mle kwa neno la fundi, na fundi wenyewe sisi wawili tumpishe. Akazima swichi, akaingia chooni na tochi, akasimama juu ya birika na mikono kiunoni. Tulimsikia kutoka ukumbini akiyasemesha maji. "Haya. Pandeni tuwaone." Yakapanda, yakapanda, yakakoma. Akapima kwa vidole vyake: nafasi ya juu ilikuwa bado vidole vingi.

Akawasha. Akasubiri. Akazima tena. Mara tatu. Mara ya nne aliziba bomba la kushuka kwa tambara bila kuniambia, na mimi nikakimbia kutafuta ndoo huku baba akitikisika kitandani kwa kicheko, maji yakapanda kwenye kioo hadi kwenye mdomo wa bomba la pili, yakaingia humo, na bomba lililokuwa kavu likalia kwa mara ya kwanza.

Mikeka ilirudi mle baada ya wiki mbili, juu ya ubao nilioupigilia ukutani. Imani ina mipaka, alisema.

Sitadanganya kwamba tangi limemponya baba. Mkono haujarudi. Pwani bado hataki. Lakini haangalii ukuta tena, na ana habari za kutoa. Yeye ndiye aliyeona kwanza kwamba jike mmoja wa manjano halishi. Nilidhani anaumwa. Baba akajionyesha mdomo wake mwenyewe, akaufumba, akavimbisha mashavu. Nikamtazama samaki vizuri: alikuwa amejaza mayai kinywani. Mbuna hutamia hivyo. Jike huyabeba mayai mdomoni, kisha vifaranga, karibu wiki tatu, na muda huo wote hali kitu, haachamii kitu, anapumua tu. Baba alimhesabia siku kwa misumari aliyoipanga dirishani. Siku ya ishirini na mbili aliniita alfajiri, kwa neno la kwetu, "Ndoo," yaani njoo, na mimi kwa usingizi nikaenda kuleta ndoo. Akaniambia tena. Nikaelewa, nikaenda. Kwenye mwamba wa pembeni kulikuwa na visamaki kama punje za mchele, na mama yao amekonda, anakula.

Wiki iliyopita umeme ulikatika tena usiku. Niliamka na sikusogea. Nilisikia pampu ikinyamaza. Nikasikia maji yakianza kushuka ukutani, yanapita koridoni, sauti ya mtu anayetembea na kandambili polepole kwenda uani. Nikajua kwamba baba naye yuko macho, kwa sababu kamba za kitanda chake zililia. Mama pia, kwa sababu alikohoa. Watu watatu gizani tunasikiliza lita thelathini zikitafuta pa kulala.

Sauti ikawa nyembamba. Ikawa matone. Ikakatika.

"Yamekoma," mama akasema kutoka chumbani.

Hakuna aliyejibu. Asubuhi nilikwenda kutazama. Mstari wa mkaa ulikuwa umefunikwa, na juu yake birika lilikuwa na nafasi kavu, pana, ambayo hakuna aliyeihitaji usiku ule. Nilisimama nikaipima kwa mkono wangu. Kisha nikautia mstari mkaa mpya, kwa sababu ulikuwa umeanza kufifia.